Nani Amemsukuma Abiria?

Katika madaftari ya Fizikia huonekana sana jibu hili: "Dereva akikanyaga breki kwa ghafula, abiria husukumwa mbele na nguvu ya basi." Ndugu msomaji, hebu tuulize: nguvu hiyo imetoka wapi? Kiti alichokalia kinapunguza mwendo pamoja na basi, hakiwezi kumsukuma mbele. Kwa kweli hakuna kilichomsukuma.

Wayunani wa kale, akina Aristotle, walidhani kwamba kitu hakiendi ila kwa kusukumwa daima. Galileo wa Italia aliipinga fikira hiyo kwa kuviringisha tufe juu ya ubao ulioinamishwa, na mwaka 1687 Isaac Newton, Mwingereza, akachapisha kanuni zake tatu. Ya kwanza yasema kwamba kitu kilichotulia hukaa vivyo hivyo, na kilicho katika mwendo huendelea na mwendo uleule katika mstari ulionyoka, mpaka nguvu ya nje iubadili. Basi likienda kilometa 36 kwa saa, yaani meta 10 kila sekunde, abiria naye aenda meta 10 kila sekunde. Breki hushika magurudumu, hazimshiki yeye. Basi lapunguza mwendo, yeye aendelea na safari yake.

Hata hizo breki, peke yake hazilisimamishi basi. Magurudumu yakizuiwa, tairi husukuma barabara kwenda mbele, na barabara, kwa kanuni ya tatu, husukuma tairi kurudi nyuma kwa nguvu iliyo sawa. Barabara ndiyo isimamishayo! Mvua ikilowesha udongo, msuguano hupungua, na dereva hodari mwenye breki mpya huteleza kama wengine.

Kanuni ya pili hutupa hesabu. Nguvu hupatikana kwa kuzidisha tungamo, yaani wingi wa kitu kwa kilo, na badiliko la mwendo katika kila sekunde. Tumchukue abiria wa kilo 60 katika basi letu. Dereva akilisimamisha kwa sekunde 2, mwendo hupungua meta 5 kwa sekunde katika kila sekunde, na nguvu ya kumzuia abiria ni newton 300, karibu sawa na uzito wa mzigo wa kilo 30. Akishika chuma vizuri, mikono yaweza. Lakini basi likigonga mti, naye akasimamishwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, nguvu hiyo ni newton 6,000: uzito wa magunia sita ya mahindi, kila gunia kilo 100. Mikono gani itaweza? Hapo atasimamishwa ama na mkanda, ama na chuma cha kiti cha mbele. Mkanda wa kushika kifua na nyonga pamoja ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo huko Uswidi.

Tena, kwa breki zilezile, basi la kilometa 36 kwa saa husimama katika meta 10, lakini la kilometa 72 huhitaji meta 40, si 20. Nasi hatujahesabu nafasi linayopita kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki.

Zoezi: Mama amempakata mtoto wa kilo 10 katika basi lile lililogonga mti. Mikono yake yatakiwa kuzuia nguvu gani?

Jibu: Newton 1,000, yaani uzito wa gunia zima la mahindi.