Breki za Tela: Kijitabu kwa Madereva na Utingo

Dereva wa semi anaendesha magari mawili. Kichwa kina breki zake na tela lina zake, na kinachoziunganisha ni mipira miwili ya upepo iliyoning'inia nyuma ya kebini. Lori likipinduka mlimani, neno la kwanza kusikika ni "breki zimefeli". Mara nyingi breki hizo zilikuwa zimeshatoa taarifa tangu asubuhi: geji ilichelewa kupanda, mpira ulikuwa ukifyonya taratibu, busta moja (kopo la upepo linalosukuma breki ya gurudumu) ilikuwa imezibwa kwa waya. Kijitabu hiki kinahusu taarifa hizo.

MWEKUNDU NA WA NJANO

Mpira mwekundu hupeleka upepo kwenye tangi la tela muda wote. Ukikatika au ukichomoka, breki za dharura za tela hujifunga zenyewe. Utakwama barabarani, lakini utakuwa umesimama.

Mpira wa njano (kwenye vichwa vya Kimarekani huwa wa buluu) hauna upepo mpaka ukanyage pedeli. Kazi yake ni kulipelekea tela amri ya kufunga. Huu ndio wa kuogopa zaidi. Ukiwa umepasuka unaweza kusafiri kilomita nyingi bila dalili yoyote, kisha siku unakanyaga kwa nguvu upepo unatokea pembeni, kichwa kinashika na tani zote za nyuma zinakusukuma. Ndiyo maana mtu mmoja akanyage pedeli na mwingine asimame nyuma asikilize, kila siku kabla ya kuondoka.

Wakati wa kuunganisha, chomeka wa njano kwanza, mwekundu baadaye. Wakati wa kutenganisha, anza na mwekundu. Utaratibu huu una sababu: upepo wa mpira mwekundu ukiingia, breki za dharura zinaachia. Kama breki ya kuegesha ya tela haijafungwa na kichwa nacho hakijavutwa breki ya mkono, vyote viwili vinaanza kutembea wakati wewe umesimama katikati yao.

TELA LA ZAMANI LILILOLALA

Matela mengi ya sasa yana springi kubwa ndani ya busta. Upepo huibana springi hiyo ili breki ziachie, na upepo ukiisha, springi inafunga. Springi hii ina nguvu ya kuua, hivyo busta ya namna hiyo haifunguliwi kando ya barabara kwa nyundo na spana.

Matela ya zamani hayana springi. Breki za dharura hushikwa na upepo uliobaki kwenye tangi la tela lenyewe. Jioni unalitenganisha, linajifunga vizuri, unakwenda kulala. Usiku upepo unavuja kidogo kidogo, na kufika alfajiri hakuna kinachozuia magurudumu yasizunguke. Anayekuja kurudisha kichwa chini yake analigusa kidogo tu, linaondoka. Kwa tela la aina hii, kabari ndiyo breki. Weka kabari za mbao ngumu mbele na nyuma ya magurudumu, siyo jiwe lililookotwa.

Kwa tela lolote, wakati wa kuunganisha, baada ya kuingiza pini ya tela kwenye kichwa na kufunga, acha breki za tela zikiwa zimefungwa, weka gia ya kwanza, vuta mbele kidogo. Kichwa kikikataa kwenda, umeunganisha sawasawa. Hata hivyo shuka uangalie kwa macho.

UPIMAJI WA ASUBUHI

Jaza upepo mpaka geji ifike kwenye kiwango chake cha kawaida, takriban bar 7 hadi 8.5. Weka kabari, achia breki, zima injini, hesabu dakika moja. Kwa kichwa chenye tela moja geji isishuke zaidi ya bar 0.2. Kanyaga pedeli ushikilie dakika nyingine: isishuke zaidi ya bar 0.3. Fungua koki za matangi utoe maji, kwa sababu maji hula vali kwa kutu. Kisha, breki zikiwa zimeachiwa, ingia chini uvute kwa mkono kila mkono wa kubania breki. Ukicheza zaidi ya sentimita 2.5, breki hiyo ibanwe.

Sasa kuhusu tabia ya kukunja paipu ya busta inayovuja na kuifunga kwa waya "mpaka tufike". Ukiziba gurudumu moja, mzigo wake wa breki unahamia kwa mengine, nayo yanachemka mapema. Busta ibadilishwe.

KUSHUKA KITONGA

Lori la shaba linalotoka Tunduma kwenda Dar es Salaam hushuka mlima wa Kitonga likiwa limebeba, na kikomo cha uzito Afrika Mashariki ni tani 56. Chagua gia ndogo kabla ya kona ya kwanza. Katikati ya mteremko gia inaweza kukataa kuingia. Tumia breki ya injini. Ukifikia mwendo uliojiwekea, kanyaga kwa uthabiti mpaka upungue kama kilomita 10 kwa saa, achia, subiri upande tena. Kukanyaga kidogo bila kuachia huchoma lainingi, na dramu ikishapata moto hutanuka na kukimbia lainingi. Niutro ya kuokoa dizeli haina nafasi hapa.

Breki ya mkono ya tela peke yake isitumike kupunguza mwendo. Magurudumu ya tela yakikwama na kuteleza, mkia unazunguka kuja ubavuni kwako. Ukiona hivyo kiooni, achia breki ili matairi yashike tena barabara. Tela tupu hukwama upesi kuliko lililobeba.

RIVASI

Weka mkono sehemu ya chini ya usukani: ukiupeleka kulia, mkia wa tela unakwenda kulia. Ukiweza, rudi upande uliokaa, kwa sababu upande wa pili tela likikunja huoni kitu. Pulling, yaani lori lenye tela la kuvutwa kwa fimbo, ina maungio mawili, hivyo ni ngumu zaidi kurudisha nyuma. Kama uwanja unaruhusu kuzunguka, zunguka.

Kukanyaga na kuachia mara nyingi injini ikiwa chini humaliza upepo. Geji ikikaribia bar 4, taa na king'ora vitakuonya, simama ujaze. Ukikunja sana, mipira inavutika au kunasa, hivyo utingo aiangalie. Anayeelekeza awe mmoja, asisimame kati ya tela na ukuta. Ukimpoteza kiooni, simama hapohapo.

MATELA MADOGO

Tela la boti, jenereta au tangi la maji linalovutwa na pikapu mara nyingi lina breki ya msukumo. Pikapu ikipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, kiungio kinaingia ndani na kuvuta fimbo ya breki. Rivasi nayo inasukuma kiungio vilevile, basi tela linajifunga na pikapu inaguna bure. La zamani lina pini ya kuzuia kiungio: ichomeke kabla ya kurudi, itoe kabla ya kwenda mbele, la sivyo huna breki nyuma. La kisasa hujiachia lenyewe magurudumu yakizunguka kinyume. Kwa sababu hiyo, ukiliegesha mteremkoni linaweza kurudi hatua ndogo kabla breki ya mkono haijashika. Vuta breki mpaka mwisho, weka kabari, ndipo ulitoe kwenye pikapu.