Somo la Jumamosi: Mtalii ni Nani?

Wiki iliyopita mwanafunzi wa darasa la kati aliniuliza, "Mwalimu, nikienda Unguja likizo, mimi ni mtalii au mwenyeji?" Sikuwa na jibu la haraka, basi nimelifanya somo.

Neno kutalii limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ya zamani ni kusoma au kuchunguza kwa makini. Kupiga picha kumekuja baadaye.

Sasa someni kwa sauti.

Katika msitu wa Jozani wanaishi kima punju, kima wenye mgongo mwekundu ambao asili yao ni Unguja tu. Punju ni sumu. Jina hilo linaonyesha jinsi watu walivyowachukia. Wakulima wa jirani walikuwa na sababu: kima hula nazi changa. (Nazi ina majina kwa umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Yaandikeni, nitauliza.) Wageni walipoanza kuja kwa wingi kuwatazama kima, fedha zilikwenda kwa wenye hoteli na wenye magari, na mkulima alibaki na hasara yake. Ndipo ukawekwa utaratibu wa kugawa sehemu ya kiingilio, wakapata wakulima ambao kima hulisha mashambani mwao, na vijiji kwa shughuli za maendeleo. Mwaka 2004 eneo hilo, pamoja na Ghuba ya Chwaka, likawa hifadhi ya taifa.

Hapa pana maneno manne ambayo watoto wetu huyachanganya. Fidia hulipwa kwa hasara. Mgao ni sehemu yako katika mali ya pamoja. Msaada hupewa mwenye shida. Sadaka hutolewa kwa ajili ya Mungu. Fedha anayopata yule mkulima ni ipi? Kwangu mimi, kuiita msaada ni kumvunjia heshima.

Wazazi, na hili nalisema kama nesi. Kila kiangazi mtu huniuliza kama apeleke nyumbani dawa zilizobaki kabatini. Tafadhali msipeleke. Dawa aliyoandikiwa mtu mmoja, au iliyobakisha wiki mbili kuisha muda, inakipa kituo cha afya kazi ya kuiteketeza. Pigeni simu kwanza, muulize kituo kinahitaji nini, kisha mnunue huko huko. Duka la dawa la pale nalo lina watu wa kulisha. Na peremende za kurushia watoto ufukweni, mimi sizipendi kabisa.

Kazi ya nyumbani: andika sentensi nne, moja kwa kila neno kati ya fidia, mgao, msaada na sadaka. Kisha kaa na bibi, babu au mzazi, mhesabu safari yenu ya mwisho ya nyumbani: chakula, usafiri, malazi, zawadi. Nani alipokea kila pauni? Leteni orodha Jumamosi, hata kama ni fupi.