Mwenye Cheo na Mwenye Ufagio

Ndugu zetu, kila tuundapo chama twakimbilia kugawana vyeo, kisha twalalamika kwamba watu hawaji kazini. Na tutazame Mathare, katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Mwaka 1987 Bob Munro, mtu wa Kanada, alianzisha huko pamoja na vijana chama cha michezo, MYSA. Timu ya kandanda iliyozoa taka na kuzibua mitaro ilipewa pointi za ligi, zikahesabiwa pamoja na za ushindi. Basi mfunga mabao angemdharauje mwenye ufagio? Na viongozi walichaguliwa na vijana wenyewe. Mathare United, iliyozaliwa humo mwaka 1994, ilitwaa ubingwa wa Kenya 2008. Sisi Jumapili twasafisha mtaro wa nyuma ya madrasa. Mwenyekiti ameombwa aje mapema, na mafagio yako kwake.