KWENU NI WAPI?
Somo: Waamuzi 12:1–7

Jumapili nilihubiri juu ya vivuko vya Yordani, muda ukaisha kabla sijafika pale paliponichoma mimi mwenyewe. Naandika kilichobaki.

Yeftha alikuwa ameshawapiga Waamoni. Ndipo Waefraimu wakaja juu, ati mbona hawakuitwa vitani. Hebu ona: adui ameshindwa tayari, ugomvi sasa ni nani apate sifa. Na hawa walikuwa ndugu, wote Israeli. Wagileadi wakashika vivuko, kila anayetaka kuvuka akaambiwa atamke Shibolethi. Aliyesema Sibolethi aliuawa palepale. Walikufa 42,000.

Sisi wa Mombasa hatuendi mbali kutafuta kivuko cha namna hiyo. Usiku wa 13 Agosti 1997, miezi minne na kidogo kabla ya uchaguzi mkuu, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Vibanda na nyumba za watu wa bara zikachomwa. Kufikia mwisho wa vurugu zile, zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa na maelfu wamehama, wengine wakilala kwenye viwanja vya kanisa. Waliolengwa ni watu wa bara, ambao kura zao zilihesabiwa kuwa za upinzani hata kabla hawajapiga.

Sasa yangu. Agosti 2022 mnakumbuka tulipiga kura tarehe 9, lakini ya gavana ikaahirishwa hadi tarehe 29 kwa sababu ya makosa ya karatasi za kura. Katika siku zile 20 ajenti wa mgombea mmoja alikuja ofisini. "Pasta, washirika wako wabara ni wangapi? Wamijikenda wangapi?" Mimi nilisomea biashara, na chuoni nilipenda sana somo la kugawa soko: unawapanga wateja kwa makundi, lile lisilonunua unaliacha. Nikafungua rejista, nikapitia majina ya ukoo moja moja, nikachora jedwali safi, nikamtumia kwa simu. Hakunipa hata shilingi, kama mnajiuliza. Nilifurahia tu jedwali langu.

Mama mmoja wa kanisa, aliyekuwa akiuza mboga Likoni mwaka ule wa 1997, aliikuta karatasi mezani.

"Pasta mwanangu, hii ni ya nini?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

"Waliokuja kwetu hawakubisha kila mlango. Walijua. Kuna mtu aliwahesabia."

Nilimpigia ajenti nikamwomba afute. Akacheka, akasema sawa.

Wapendwa, kutofautiana vyama si dhambi. Humu ndani kuna wa manjano na kuna wa chungwa, na wakati wa chai mnatupigia kelele wote. Tena malalamiko ya ardhi hapa Kisauni ni ya kweli, asiyekuwa na hati ana haki ya kuuliza. Mtu akikuambia anataka maji yatoke kwenye mfereji hapa Junda, bishaneni mpaka usiku. Lakini akianza na "kwenu ni wapi?", hajauliza unataka nini. Amekuweka kivukoni, anasikiliza utakavyotamka. Na mara nyingi anayeuliza si mwanasiasa. Ni sisi, kwenye grupu la kanisa, saa tano usiku.

Nimewaomba wazee msamaha, na leo nawaomba ninyi ambao majina yenu niliyapanga. Kuanzia sasa rejista haitoki ofisini bila wazee wawili kukubali, na hiyo ni pamoja na mimi. Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027, na wageni wa ofisini wameshaanza kupiga hodi.

Ushirika wa nyumbani Jumatano: someni sura yote ya 12, kisha kila mmoja ajibu. Mara ya mwisho ulipomuuliza mshirika mwenzako kwao ni wapi, ulitaka kulifanyia nini jibu lake?