Tovuti Ikikataa Kuandika Faili

Unaweka WordPress kwenye Ubuntu, nayo inasema haiwezi kuandika wp-config.php. Usikimbilie 777! Hiyo humpa kila mtumiaji wa kompyuta ile ruhusa ya kubadili faili zenu, na humo mna majina na simu za wanajumuiya.

Kwanza angalia mwenye faili ni nani:

ls -l /var/www/html

Ukiona root, sababu ndiyo hiyo. Apache hufanya kazi kwa jina la www-data, na mali si yake. Mkabidhi:

sudo chown -R www-data:www-data /var/www/html

Kisha folda ziwe 755, faili 644. Kumbuka: 4 ni kusoma, 2 kuandika, 1 kuendesha, au kuingia ikiwa ni folda. Zijumlishe: 6 ni kusoma na kuandika. Jaribu tena.