Kibao cha nyuzi za mchikichi: nitakipimaje?

Swali: Hapa Gatete, tukishakamua mawese hubaki nyuzi tele. Nimezichanganya na resini, nikapata kibao chepesi. Nitajuaje kama kinafaa kwa mtumbwi, nami sina mashine?

Jibu: Mashine ya maabara huvuta, hubana na hupinda, huku ikiandika nguvu. Kupinda unaweza kuanza nako nyumbani. Kata vipande 5 vya milimita 80 kwa 10, unene 4, kama kiwango cha ISO 178 kinavyotaka. Laza kimoja juu ya nondo mbili zilizoachana milimita 64, tundika ndoo katikati, mimina maji polepole. Lita moja ni kilo moja. Ongeza uzito wa ndoo. Kikivunjika kwa kilo 8, uimara wake ni kama newtoni 47 kwa milimita ya mraba.

Vingine 5 viloweke siku nzima, urudie, maana nyuzi za mimea hunywa maji. Kisha tazama palipovunjika: nyuzi zikichomoka safi, resini haikushika, huenda mafuta yalibaki. Zioshe kwa sabuni na maji moto, zikauke kabisa.

Ndoo inalinganisha michanganyiko tu. Kabla ya kupakia watu ziwani, kibao kipite kwenye mashine.