AFYA YETU: Vichwa vya Betri Vikiwa Vichafu, Mgonjwa Hukwama



Ni usiku. Mama mjamzito ameshikwa na uchungu. Damu inamtoka nyingi. Mkunga wa zahanati anasema apelekwe hospitali mara moja. Gari la kijiji lipo. Dereva yupo. Mafuta yapo. Dereva anawasha gari. Linalia "tik", kisha kimya. Mama anasubiri.

Jambo kama hili laweza kutokea hata kama gari si bovu. Huenda vichwa vya betri vimejaa unga mweupe. Kuvisafisha ni kazi ya nusu saa tu. Ndiyo maana leo, katika ukurasa wa afya, tunajifunza juu ya betri.

Unga huo ni nini?

Ndani ya betri ya gari mna bamba za risasi na maji makali yaitwayo tindikali. Mvuke wa tindikali hutoka kidogo kidogo. Hula vichwa vya betri na vifungo vya nyaya. Hapo hutokea unga mweupe, au wa kijani, au wa buluu. Umeme haupiti vizuri katika unga huo. Taa ndogo huweza kuwaka, kwa sababu zinataka umeme kidogo. Starta inataka umeme mwingi. Kwa hiyo taa huwaka, lakini injini haiwaki.

Jihadhari kwanza

Tindikali huunguza ngozi na macho. Unga huo una risasi, nayo ni sumu. Hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Tena betri hutoa gesi inayoweza kulipuka. Usivute sigara karibu nayo. Usimulike kwa kiberiti wala kibatari. Usiku tumia tochi. Watoto wakae mbali. Vaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho.

Namna ya kusafisha

1. Zima injini. Toa ufunguo. Fanya kazi mahali penye hewa.

2. Tazama alama. Kichwa kimoja kina alama ya kujumlisha (+), kingine alama ya kutoa (–). Fungua kwanza waya wa kutoa, kisha wa kujumlisha. Ukianza na wa kujumlisha, spana yako ikigusa bodi ya gari, cheche zitaruka.

3. Hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa. Koroga kijiko kimoja cha magadi ya kupikia katika kikombe cha maji. Mimina kidogo kidogo juu ya unga. Povu litatoka. Magadi yanaua nguvu ya tindikali. Yasiingie ndani ya betri, yataiharibu.

4. Sugua kwa brashi ya waya au mswaki wa zamani mpaka madini yang'ae. Sugua na vifungo vya nyaya. Usipulize unga kwa mdomo.

5. Suuza kwa maji safi. Kausha kwa kitambaa.

6. Rudisha kwanza waya wa kujumlisha, kisha wa kutoa. Kaza vizuri. Usigonge kwa nyundo, betri itapasuka. Paka grisi juu yake.

7. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto. Mswaki ule usirudi nyumbani.

Kama gari bado haliwaki, huenda betri imeishiwa chaji au imezeeka, au starta ni mbovu. Mwite fundi.

Ukipatwa na tindikali

Ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi safi, kwa dakika 20 au zaidi. Fungua kope wakati wa kuosha. Usitie magadi wala dawa yoyote jichoni. Kisha nenda zahanati upesi. Ikimwagika mwilini, vua nguo iliyolowa na osha kwa maji mengi. Mtu akiinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali.

Tusingoje usiku wa hatari

Dereva akague vichwa vya betri kila juma. Kama betri ni ya kuongezwa maji, itiwe maji ya betri yanayouzwa dukani, si ya kisima wala tindikali. Serikali ya kijiji iulize: nani anakagua gari letu, na siku gani? Jibu liandikwe katika daftari. Mgonjwa hawezi kungoja mpaka fundi aamke.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini taa huweza kuwaka na injini isiwake?
2. Waya upi hufunguliwa kwanza?
3. Tindikali ikiingia jichoni utafanya nini?
4. Katika kijiji chako, nani hukagua betri ya gari linalobeba wagonjwa?